Kuku uani, mtoto anatambaa: mtaa ukubali au ukatae?

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, ugomvi wa kuku huanzia kwenye mkeka. Mama ametandika uani, amemkalisha mtoto wa miezi tisa anayechezea kijiko na kopo, na yeye mwenyewe anaosha vyombo hatua tatu pembeni. Kuku wa mwenye nyumba anapita, anadonoa punje za wali zilizobaki, anaacha kinyesi palepale na kuendelea na safari yake. Mama anapogeuka, kidole cha mtoto kimeshafika, na kutoka hapo hakiendi kwingine ila mdomoni.

Ndipo hutoka maneno yaliyokaa kifuani tangu usiku jogoo alipowika saa tisa. Mpangaji anasema amechoka. Mama mwenye nyumba anauliza ni nani aliyemlazimisha kuhamia. Jioni suala liko kwa mjumbe, na kufikia Jumapili limefika serikali ya mtaa, ambako huwa linaulizwa kwa namna ileile: watu wafuge kuku katika makazi, au wasifuge?

Swali hilo limegawa mitaa mingi mijini, na si uswahilini peke yake. Manzese, Tandale na Mbagala, kuku wa kienyeji hulala jikoni au chini ya ngazi na mchana kutwa hutembea mlango hadi mlango. Kimara, Tabata au Kinyerezi utakuta banda la matofali nyuma ya nyumba lenye kuku wa mayai mia mbili, limejengwa kuegemea ukuta wa jirani. Kwingine ni chumba kimoja cha nyumba ambayo haijaisha, kilichogeuzwa cha kulelea broila kwa wiki tano au sita, halafu kinapumzishwa wiki mbili na kuanza tena.

Kila upande una watu wenye hoja nzito.

Wanaotetea ufugaji huanzia mfukoni. Kuku ni mradi ambao mwanamke anaweza kuuanza bila kwenda benki na bila kumwacha mtoto kwa jirani. Fedha ya kikoba inanunua vifaranga hamsini, na miezi mitano baadaye kuna trei za mayai za kupeleka dukani. Kuku watatu wakiuzwa ni sare ya shule, mmoja akichinjwa ni heshima ya mgeni. Kwa mjane au mama anayelea peke yake, ukimwambia aondoe kuku unamwambia atafute kazi nyingine wiki hii. Wengi huongeza kwamba mji uliwafuata wao: walipojenga palikuwa na mikorosho na mihogo, majirani wamekuja juzi, na sasa wanataka pawe kama Masaki.

Wanaopinga nao wana yao. Harufu ya banda lililolowa haizuiwi na pazia. Inzi wanaotoka huko hutua kwenye ugali wa nyumba ya pili. Utitiri hupanda kitandani. Kuku wa kienyeji huchimbua mchicha ulioota vizuri, hujisaidia kwenye ngazi na kulala juu ya magunia ya mkaa wa mtu. Kideri kikipita, mizoga hutupwa mtaroni usiku na asubuhi hakuna anayejua ni ya nani.

Hoja hizi zote zina ukweli. Lakini ukisikiliza vikao vya aina hii, utaona kwamba muda mwingi huliwa na kelele na harufu, kwa sababu ndizo zinazomsumbua mtu mzima. Anayeathirika zaidi kiafya ni yule aliye chini, anayetambaa, na yeye hanyanyui mkono kikaoni.

Kinachotokea kwenye udongo wa uani

Kinyesi cha kuku mwenye afya kabisa kinaweza kubeba bakteria wanaomharisha binadamu, hasa salmonela na kampilobakta. Kuku mwenyewe haonyeshi dalili. Anakula, anataga, manyoya yanang'aa. Ndiyo maana kauli ya "kuku wangu hawaumwi" haitoshi kumlinda mtoto.

Mtu mzima akigusa kinyesi hicho atanawa, na akimeza kidogo huenda tumbo likamsumbua siku mbili likatulia. Mtoto wa chini ya miaka mitano ni tofauti. Kinga yake bado inajengwa, mwili wake hukaukiwa maji haraka, na kati ya miezi sita na kumi na minane huijua dunia kwa kuitia mdomoni.

Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi vijijini Zimbabwe walichapisha matokeo ya jambo rahisi sana: walikaa na kuwatazama watoto wadogo 23 wakiwa nyumbani kwao, kwa takriban saa sita kila mmoja, wakiandika kila kilichoingia mdomoni. Watatu walikula udongo. Wawili walikula kinyesi cha kuku, tena mmoja zaidi ya mara moja. Hao walikuwa watoto wa kawaida, mama zao wakiwa karibu nao wakiendelea na kazi za siku.

Kuhara mara moja hutibika. Tatizo ni kuhara kunakojirudia, na hata kule kumeza vijidudu kidogo kidogo kila siku bila kuhara. Wataalamu wa lishe wanaamini utumbo unaoshambuliwa hivyo mara kwa mara hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kunyonya chakula. Mtoto anakula, sahani inarudi tupu, lakini kimo hakiendi. Tanzania ina sababu ya kujali hilo: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, kuanzia lishe ya mama akiwa mjamzito, na hakuna anayeweza kumtwisha kuku mzigo wote huo. Ila uani ni mojawapo ya sehemu ambazo mzazi anaweza kuzishughulikia bila kusubiri bajeti ya serikali.

Na si suala la Afrika pekee. Mwaka 2020, familia nyingi za Marekani zilipokaa ndani kwa sababu ya Korona na kuamua kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba, mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya nchi hiyo, CDC, ilihesabu zaidi ya watu 1,700 walioumwa salmonela iliyohusishwa na kuku wa nyumbani. Ushauri wake kwa wazazi ni mkali kuliko wengi wangetarajia: mtoto wa chini ya miaka mitano asishike kuku wala vifaranga, na mtu yeyote asiwabusu. Hilo la kubusu huenda lisiwahusu sana watu wa Buza au Gongo la Mboto, lakini la mtoto kupewa kifaranga achezee ili anyamaze linawahusu moja kwa moja.

Lakini yai nalo?

Hapa ndipo mambo yanapogeuka, na ndipo wanaotaka kupiga marufuku moja kwa moja wanapokosa jibu.

Kuku huyohuyo anayechafua mkeka ndiye anayetaga. Yai moja lina takriban gramu sita za protini iliyo bora, pamoja na kolini inayosaidia ubongo, vitamini A na B12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unataka mtoto ale kila siku chakula kinachotokana na wanyama, ikiwemo nyama, samaki au mayai. Kwa familia nyingi, katika hivyo vitatu yai ndilo linalofikika, tena halihitaji jokofu wala mafuta mengi.

Nchini Ecuador, watafiti waliwapa watoto walioanza wakiwa na miezi sita hadi tisa yai moja kila siku kwa miezi sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha udumavu umepungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na watoto ambao hawakupewa. Jaribio la namna hiyo liliporudiwa Malawi, matokeo yaliyotoka mwaka 2019 hayakuonyesha ongezeko kama hilo la kimo. Watoto wa eneo lile walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Kwa hiyo yai si dawa ya kimiujiza, lakini linamfaa zaidi mtoto ambaye uji wake ni unga na sukari tu. Na watoto wa namna hiyo ni wengi.

Yai na kinyesi hutoka kwa ndege mmoja. Sasa mzazi afanyeje?

Jibu linalosaidia zaidi limetoka Ethiopia. Mwaka 2016, Derek Headey na Kalle Hirvonen wa taasisi ya utafiti wa sera za chakula, IFPRI, walichapisha uchambuzi wa takwimu za familia za vijijini nchini humo. Walikuta kwamba watoto wa nyumba zenye kuku kwa wastani walikuwa na kimo kizuri zaidi kulinganisha na wa nyumba zisizo nao. Lakini pale ambapo kuku walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, hali ilikuwa kinyume: kulala nao ndani kulihusishwa na watoto kuwa wafupi kwa umri wao.

Uchambuzi wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kitu kimoja ndicho kilichosababisha kingine, na waliouandika hawakudai hivyo. Hata hivyo unabadilisha swali. Mtaa unabishana kuhusu kuwepo kwa kuku, wakati kinachoonekana kumgusa mtoto ni mahali kuku anapolala na anapotembea.

Kumfungia mtoto au kumfungia kuku

Wazazi wengi wakiambiwa hivyo hufikiria kumzuia mtoto. Wananunua mkeka mpana, wanaweka uzio wa plastiki, au wanamfunga mgongoni saa nzima. Hilo limejaribiwa pia. Katika utafiti mkubwa wa SHINE uliofanyika vijijini Zimbabwe, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2019, familia zilijengewa vyoo, zikapewa vifaa vya kunawia, dawa ya kutibu maji, na mkeka pamoja na uzio wa kuchezea mtoto. Kimo cha watoto hakikuongezeka kwa sababu ya vitu hivyo, na kuhara hakukupungua. Chakula cha nyongeza ndicho kilichosaidia, kwa kiasi kidogo.

Matokeo hayo yaliwashangaza wengi. Maelezo ambayo watafiti wengi wamekuja kuyakubali ni kwamba mazingira yenyewe yalibaki machafu mno, na hatua ndogo ndogo hazikutosha. Mtoto alikaa juu ya mkeka safi, kuku wakaendelea kuzunguka pande zote, na mama akakanyaga kinyesi na kuja nacho mpaka kwenye mkeka.

Kwa nyumba ya mjini, funzo lake ni kwamba anayefaa kufungiwa ni kuku. Mtoto wa miezi kumi anahitaji kutambaa, na huwezi kumweka kwenye kisanduku mpaka atimize miaka miwili. Kuku anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya banda akataga vizuri, mradi apate nafasi, maji, mwanga na chakula cha kutosha.

Nafasi hiyo si kubwa kama watu wanavyodhani. Kuku wa mayai wanaolala juu ya maranda wanahitaji takriban mita moja ya mraba kwa kila kuku watano. Kwa hiyo familia inayotaka mayai ya nyumbani, ikiwa na kuku sita hadi kumi, inahitaji banda la ukubwa wa meza mbili za kulia chakula. Mbao za vipande, wavu wa kuku, mabati mawili yaliyotumika na mlango unaofungwa kwa kufuli vinatosha. Kufuli ni muhimu, kila mfugaji wa Dar es Salaam anajua kwa nini.

Gharama kubwa ni chakula. Kuku wa mayai hula zaidi ya gramu 100 kwa siku, na aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Hapa ndipo wafugaji wengi wa kienyeji hukataa: faida ya kuku wa kienyeji ni kwamba anajilisha. Ni kweli, lakini mjini anajilisha wapi? Jalalani, mtaroni na mlangoni kwa wapangaji. Mwenye kuku anaokoa gharama ya pumba na mashudu, na gharama hiyo hulipwa na mtoto wa chumba cha tatu kwa dawa za kuhara. Hesabu hiyo haisemwi kikaoni.

Harufu, inzi na jogoo

Kero nyingi zinazowagombanisha majirani zina dawa rahisi kuliko maneno yanayotumika kuzijadili.

Harufu kali ya banda ni amonia, na amonia huja pale kinyesi kinapolowa. Banda lenye maranda makavu, paa lisilovuja na chombo cha maji kisichomwagika halinuki sana hata likiwa na kuku wengi. Banda lililowekwa sementi tupu na kumwagiwa maji kila asubuhi kwa nia njema ya usafi hunuka kwa sababu ya hayo maji. Amonia ikizidi huwasha macho na koo, na kwa mtoto mwenye pumu anayelala upande wa pili wa ukuta inaweza kuamsha kikohozi. Kwa hiyo banda lisiegemee dirisha la chumba cha mtu yeyote, na mwelekeo wa upepo uangaliwe kabla ya tofali la kwanza.

Kwenye joto la mji kama Dar es Salaam, yai la inzi linaweza kuwa inzi anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Mbolea ikitolewa mara moja kwa wiki bila kukosa, kizazi hicho kinakatika kabla hakijaota mbawa. Ikitolewa kila baada ya wiki tatu, mtaa mzima umeshalishwa inzi. Mbolea hiyo ifunikwe vizuri kwenye magunia makavu; wenye bustani za mboga huitafuta. Lakini isipelekwe mbichi kwenye mchicha unaokaribia kuvunwa.

Na jogoo? Hapa kuna imani inayostahili kuondolewa leo: kuku hahitaji jogoo ili atage. Jogoo anahitajika ukitaka mayai ya kuangua vifaranga. Mama anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula na kuuza anaweza kumla jogoo Jumamosi hii na trei zisipungue hata moja. Wala usitegemee kumfunika ili anyamaze. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japan, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kwa saa iliyo ndani ya mwili wake, takriban saa mbili kabla ya mwanga, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu muda wote. Mpangaji anayefanya kazi ya ulinzi usiku na kulala asubuhi hatofautishi ana saa gani mwilini.

Dawa kwenye maji ya kuku

Jambo jingine halinuki wala haliwiki, ndiyo maana halileti ugomvi. Kuku akianza kukohoa au kuharisha, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo, hununua antibiotiki ya unga, huichanganya kwenye maji ya kunywa na kuendelea kuokota mayai. Hakuna kipimo kilichofanyika wala mtaalamu aliyeulizwa. Mayai ya siku hiyo yanaingia kwenye trei kama ya jana.

Pakiti za dawa hizo huandikwa siku za kusubiri, yaani muda ambao mayai au nyama visiliwe baada ya kuku kupewa dawa. Kwa baadhi ya dawa ni siku kadhaa, kwa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Kutozifuata kunamlisha mtoto mabaki ya dawa, na matumizi holela yanawazoesha bakteria. Siku mtoto huyo akiumwa kweli, dawa ya kawaida ya zahanati inaweza isifanye kazi.

Kibaya zaidi, mara nyingi dawa hiyo haikuwa na kazi tangu mwanzo. Kideri, ugonjwa unaofagia mabanda na ambao wengine huuita mdondo, husababishwa na kirusi, na antibiotiki haigusi kirusi. Kinachosaidia ni chanjo, nayo ipo na ni nafuu. Chanjo ya I-2, inayozalishwa hapa nchini, hudondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lazima itolewe kabla ugonjwa haujaingia, si siku kuku wa kwanza anapopinda shingo.

Kikwazo cha mfugaji mdogo ni chupa. Moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haihifadhiwi mpaka mwezi ujao. Mwenye kuku watano haoni sababu ya kuinunua. Hapa mtaa unaweza kufanya kitu ambacho mtu mmoja hawezi: kupanga siku moja kila miezi mitatu, kumwita afisa mifugo wa kata, na kuchanja kuku wa nyumba zote kwa chupa moja au mbili. Mtaa uliochanja hauna mizoga mtaroni, na mchango wa kila nyumba ni mdogo kuliko bei ya nusu kilo ya sukari.

Sheria zinasema nini

Watu wengi huingia kikaoni wakiamini kwamba kufuga mjini kumekatazwa kabisa au kumeruhusiwa kabisa. Kwa kawaida haiko hivyo. Halmashauri hujiwekea sheria ndogo, nazo hutofautiana, kwa hiyo kinachoruhusiwa Kibaha si lazima kiruhusiwe Ilala. Mahali pa kuuliza ni ofisi ya mtendaji wa kata. Juu ya sheria ndogo kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayohusu kero zinazohatarisha afya, na afisa afya anaweza kumtaka mtu aondoe kero hiyo. Neno muhimu hapo ni kero. Kuku mia wanaotunzwa vizuri wanaweza wasiwe kero, na kuku wanne wanaolala kwenye korido ya wapangaji wakawa.

Majirani zetu wamelipitia suala hili. Kampala ilitunga sheria zake kuhusu kilimo na ufugaji wa mjini mwaka 2006, na kaunti ya Nairobi ikapitisha yake mwaka 2015. Miji yote miwili ilichagua kuutambua ufugaji na kuuwekea masharti, baada ya miaka mingi ya kukimbizana na wafugaji waliokuwa wakirudi kila msako ulipopita. Kufuata njia hiyo kunaelekea kuwa na maana zaidi hata kwa mtaa mmoja. Marufuku huwafanya watu wafiche kuku, na mahali rahisi pa kumficha kuku ni ndani, kwenye chumba anacholala mtoto. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mujibu wa takwimu za Ethiopia.

Kikao kinachotaka kufika mahali kingeuliza mambo manne au matano tu. Kuku wamefungiwa? Banda liko umbali gani na dirisha na kisima? Mbolea inatoka siku gani? Jogoo wa nini? Wamechanjwa lini? Mwenye majibu afuge. Asiye na majibu apewe muda wa kuyapata, na muda huo uandikwe.

Mpangaji aanzie wapi

Yote hayo ni rahisi kwa mwenye kiwanja. Mpangaji, tena mwenye mtoto mchanga na kodi aliyolipa miezi sita mbele, ana nguvu ndogo. Kuku ni wa mama mwenye nyumba, uani ni wa mama mwenye nyumba, na neno moja baya linaweza kumgharimu chumba.

Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kumzungumzia mtoto, si kuku. "Mama, mtoto ameharisha mara ya pili mwezi huu, daktari amesema asiguse kinyesi cha kuku, tunaomba tusaidiane kuwafungia mchana" ni maneno ambayo mama mwenye wajukuu huyasikia. Wapangaji wakichangia wavu na mbao, huwa ni vigumu kukataa. Ikishindikana, afisa afya wa kata hupokea malalamiko, na wapangaji watatu wakienda pamoja si rahisi mmoja wao kunyooshewa kidole.

Wakati hayo yanaendelea, yapo ambayo mzazi anaweza kuyafanya ndani ya uwezo wake. Viatu vya uani vibaki mlangoni. Sehemu anapotambaa mtoto ifagiliwe kabla ya kutandika, na mkeka uoshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Mtoto anawishwe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hata kama hajaanza kujilisha, kwa sababu vidole vyake humfikia mdomoni mara nyingi kuliko kijiko. Mtoto mkubwa anayetumwa kuokota mayai naye anawe kabla hajambeba mdogo wake. Yai lipikwe mpaka kiini kigande. Ile tabia ya kumpa mtoto au mjamzito yai bichi kwenye maziwa au soda kwa ajili ya "kuongeza damu" inampa salmonela nafasi ambayo moto ungemnyima.

Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa kituoni. Akiwa na damu kwenye kinyesi, homa kali, macho yaliyoingia ndani, au akishindwa kunywa na kulegea, asisubirishwe mpaka asubuhi. Na mhudumu akiuliza maswali, mama aongeze moja ambalo huenda hakuulizwa: nyumbani kuna kuku, na wanatembea uani.